Mkata Tiketi wa Gatini

Kila meli ya serikali ya Uskoti inapoharibika, mkata tiketi wa kisiwani hujikohoza, akafuta mikono kwenye suruali, ndipo akaandika kwa chaki: LEO HAKUNA MELI. Bibi Murdina, mwenye ulimi mkali kuliko wote kwenye foleni, humtolea maneno dirishani. “Haya, Bwana Serikali! Meli mpya zilizokula kodi zetu ziko wapi? Wakubwa wako wa Edinburgh wamesemaje?” Naye hujibu polepole, “Wanasema samahani, mama.”

Jumanne moja mke wa mkata tiketi alikuwa avuke kwenda hospitali ya bara kupasuliwa uvimbe, siku aliyoingoja tangu Pasaka. Mkata tiketi akajikohoza, akafuta mikono, akaandika. Kisha akatoka, akasimama kwenye foleni kando ya mkewe na kibegi chake, akilitazama dirisha lake tupu. Watu wakamgeukia Murdina, wakingoja maneno yake.

“Wanasema samahani, baba,” Murdina akamnong'oneza mkata tiketi.