Uso wa Binti Kwenye Skrini ya Makutano

Jumatatu nilikuwa kwenye duka moja la vyombo vya sauti hapo Makutano, Meru, nikisubiri waya wa maikrofoni. Mbele yangu alisimama mama wa makamo kutoka Muthara, aliyetumwa na kina mama wenzake kuchagua skrini ya kanisa. Fundi alimwomba picha ya kujaribia. Mama akatoa simu na kumwonyesha picha ya binti yake, ambaye sasa ni mwaka wa sita yuko kazini Uarabuni.

Fundi akairusha kwenye skrini kubwa, na uso ukajaa ukutani. Mama akauendea, mkono ukiwa mbele, lakini alipofika shavuni akasita.

"Ameenda wapi? Naona tu vitone."

"Hizo ni taa, mama. Kati ya moja na nyingine kuna milimita mbili na nusu. Ukikaribia, picha inaachana."

"Si uzisongeze?"

"Kuna skrini zenye taa zimesongeana kuliko hii. Lakini hata hizo ziko na mwisho wake. Rudi nyuma kidogo."

Akarudi hatua moja, ya pili, ya tatu, hadi mgongo ukagusa mlango. "Sasa namuona. Hata ile alama iko kwa paji." Kisha akasema polepole, "Na mimi nilitaka kumshika."

Wenye viwanda vya skrini hujisifu kila mara kwamba wamezisogeza taa karibu zaidi. Sijasikia aliyefika shavuni.

Fundi alitaka kuzima, mama akamzuia kwa kiganja.

"Wacha kidogo. Tutachukua hii. Siku atatusalimia kanisani kwa video kutoka huko, mimi nitakaa benchi ya nyuma kabisa."