Mtoto Haendi Oruchinga

Mama mkwe wangu alituma sauti kwenye simu ya mume wangu: Jumamosi anakuja kumchukua mtoto ampeleke kwake Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi kama yetu. Hakuuliza. Alisema anakuja, tumpangie nguo zake, na kama ana ndala nzuri tumvalishe.

Mtoto mwenyewe ni binti yangu wa kwanza, wa miaka miwili, mzito kama gunia la mihogo na mkaidi kama mimi. Nilikuwa nimejifungua wa pili kwa kupasuliwa, na kwetu sisi Warundi jambo hilo ni la kawaida: mdogo akizaliwa, yule aliyeachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi mpaka mama apate nguvu. Wengi wamelelewa hivyo na hawakufa. Mume wangu mwenyewe alipelekwa, akarudi kwao siku za kuanza shule. Mpaka leo akikaa na mama yake wanaongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya zahanati. Nililiona hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Sikulitaka kwa binti yangu.

Shida ni kwamba sababu ya kumchukua niliitoa mimi. Familia yetu ni ya kutembea. Shamba liko nyuma ya kilima, soko ninakouzia majani ya sombe na vidagaa vya ndagala liko upande mwingine, kanisa lina njia yake, na mume wangu akimaliza kulima anakwenda kucheza mpira kana kwamba jembe halikumchosha. Kukaa hatujui. Basi nilipotoka hospitali Mbarara nilikaa siku chache tu, nikamfunga mkubwa mgongoni nikaenda shamba. Anayejua kubeba mtoto kwa kitenge anajua fundo la chini linakaa wapi. Linakaa juu ya mshono kabisa. Niliporudi, gauni lilikuwa limelowa damu mbele.

Muuguzi wa zahanati alinifokea mbele za watu.

"Umebeba nini wewe?"

"Mtoto."

"Huyu mchanga?"

"Mkubwa wake."

Akashika kichwa. Mchanga nimweke kifuani, akasema, lakini yule mkubwa nisimfunge mgongoni kwa miezi, mpaka yeye mwenyewe aniruhusu. Jioni hiyohiyo mume wangu akampigia mama yake akamweleza yote, mpaka habari ya gauni.

"Nani alikutuma?" nilimwuliza.

"Ni mama yangu."

"Na huyu ni mtoto wangu. Ungeanza kuniambia mimi."

Alijua kosa lake, akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Siku za hospitali, nikiwa nimesimama getini napigwa na upepo, niliwahi kumwona mama mmoja akija kutoka upande wa Kakiika. Anasukuma kigari cha magurudumu matatu kwenye nyasi za kando ya lami, mtoto amelala ndani, dumu la maziwa limening'inia kwenye mpini. Alikuwa anatembea haraka kuliko mimi nisiyebeba kitu. Picha hiyo ilinirudia usiku ule wa hasira. Asubuhi nikamwambia mume wangu tuuze mbuzi tununue kigari kama kile. Alitazama mbuzi, akanitazama mimi, akaona mimi ndiye hatari zaidi.

Tulimwacha mkubwa kwa jirani, mchanga nikamweka kifuani, tukaenda Mbarara. Tulipata kibanda cha vitu vya watoto vya mitumba. Muuzaji alikuwa Mwislamu mmoja wa pale mjini, mcheshi, na vigari vyake vilikuwa vimepangwa kama mbuzi wa mnada. Akatukaribisha vizuri. Kisha akaanza kuongea na mume wangu peke yake.

"Ssebo, bwana, hii ya magurudumu mane iko na paa, iko na mto. Inakunjwa hivi, unaweka juu ya taxi. Hii iko ya bibi yako huyu."

Mume wangu akaikunja, akaikunjua. Ilimfurahisha kama redio. Magurudumu yenyewe yalikuwa ya plastiki, madogo kama vifuniko vya dumu.

"Atakayesukuma ni mimi," nikasema. "Ongea na mimi."

"Nyabo, pole. Mama nataka gani?"

"Nataka kitu cha kupanda kilima chenye mawe na kushuka bila kuniua. Na nipe mzigo wa kujaribia."

Alicheka akidhani natania. Hapo kwa jirani yake palikuwa na mikungu ya matoke. Nikaomba mkungu mmoja mnene, nikaupakia kwenye kigari chake chenye mto, nikautoa nje mpaka lami inapoishia. Kufika kwenye vumbi na kokoto, magurudumu ya mbele yakatetemeka, yakageuka upande, kigari kikainama, mkungu ukaanguka.

"Huyo angekuwa mtoto," nikamwambia mume wangu. Akauokota mkungu.

Mwenye matoke akapiga kelele: "Nyabo! Mtoto akianguka unanunulia yeye pipi, lakini matoke yangu nani ananunua?" Tulinunua matoke.

Nyuma kabisa kulikuwa na kimoja cha magurudumu matatu, kirefu, cha bluu iliyochujuka, kiti kimechanika pembeni. Tairi zake zilikuwa za upepo, kubwa kama za baiskeli ya mtoto. Nikapakia tena ule mkungu. Mwanzoni gurudumu la mbele lilinipeleka kushoto kama mlevi, nikaanza kutukana. Muuzaji akainama akaonyesha pini: ukiichomeka, gurudumu halizunguki tena, linakwenda mbele tu. Njia ikiwa nyoofu unachomeka, kwenye kona nyingi unachomoa. Nikachomeka. Nikasukuma kwenye kokoto, nikapanda ukingo wa mtaro, nikashuka. Mkungu ulikaa kama mgeni wa heshima. Tumbo langu halikuvuta hata kidogo. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mpini na nikasikia machozi yanakuja, nikayarudisha kwa sababu bei ilikuwa haijapatanwa.

Nyumbani mume wangu alifanya kazi ya maana. Miiba ya kwetu inatoboa hata kandambili, kwa hiyo alikata mpira wa zamani wa baiskeli akauweka ndani ya tairi, kati ya tairi na tyubu, kama anavyofanya kwenye baiskeli yake. Akafunga kamba kwenye mpini, ya kuvaa mkononi, ili kigari kisikimbie mteremkoni. Mtoto alikaa ndani akakataa kutoka. Hata ugali akaula humohumo.

Tulichosahau ni macho ya watu. Kambini kwetu kigari cha magurudumu matatu kinajulikana: ni kiti wanachopewa watoto ambao miguu haifanyi kazi. Hakuna aliyewahi kuona mtoto mwenye miguu mizima akisukumwa. Sina ubaya na watoto wanaohitaji viti hivyo. Ubaya wangu ni kwa wanaokuja kulia kabla ya kuuliza.

Jumamosi asubuhi jumuiya yetu ya kanisa ilijaa uani na rozari. Aliyewaongoza ni jirani Mkongomani, mama mwenye moyo mzuri na masikio mabovu. Alinikumbatia, mchanga akabanwa katikati.

"Pole mingi, mama. Mungu eko. Batoto bengine banaponaga."

"Wanapona nini?"

"Usijikaze na sisi. Tuliona kigari."

Kabla sijajibu walikuwa wamekwisha kuanza Salamu Maria. Na katikati ya sala hiyo ndipo mama mkwe akaingia kutoka Oruchinga. Aliona wanawake wamepiga magoti uani kwa mwanawe, wengine wanafuta machozi. Akatupa mfuko chini, akapiga yowe:

"Nani amekufa?"

"Hapana kufa, mama," jirani akamwambia kwa upole. "Ni miguu tu. Miguu ya mujukuu wako ilikufa."

Mjukuu mwenyewe wakati huo alikuwa anafukuza kuku kuzunguka jiko. Mama mkwe alimtazama akipita, akamtazama akipita tena. Kisha akawageukia wale wanawake. Mimi nina hasira, lakini siku hiyo nilijua nimeolewa kwa bingwa.

"Kilema ni nani? Huyu? Huyu ana miguu kuliko ninyi nyote mliopiga magoti!" Akamnyakua mtoto, akamkalisha kwenye kigari, akamfunga mkanda kinyumenyume. "Kinasukumwaje hiki?"

"Vaa kamba kwanza, mama," nikasema.

Akavaa. Akatoka naye barabarani, mbele ya maduka yote mpaka sokoni, akisimamisha watu: "Shuka, mwanangu, ruka waone!" Mtoto anashuka, anaruka, anapanda tena. Nilimfuata nyuma na mchanga kifuani, nusu aibu nusu kicheko. Tulirudi nyumbani, wao wawili wamejaa vumbi. Mama mkwe alikunywa maji, akaweka kikombe chini.

"Kinakwenda," akasema.

Nilikuwa nasubiri neno la Oruchinga.

"Na mtoto atabaki hapa. Nikimchukua leo, hawa watasema nimekwenda kumficha. Hawatasema hivyo juu ya mjukuu wangu."

Mume wangu alishusha pumzi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaegemea ukuta. Mama mkwe hakubadilisha mawazo kwa sababu yangu wala ya mshono wangu. Sikujali. Angeweza kumwacha kwa sababu ya mvua na ningeshukuru vilevile.

Jumapili alimsukuma mwenyewe hadi mlangoni mwa kanisa. Baada ya misa tulimsindikiza kwenye gari la kurudi, akapanda peke yake, akapunga mkono.

"Bibi anakwenda wapi?" binti yangu akauliza.

"Kwake."

"Na mimi?"

"Wewe uko hapa."

Hilo lilimtosha. Nilichomeka pini, nikaanza kupanda kilima. Nilipofika kwetu alikuwa amelala, mdomo wazi, na mdogo wake amelala kifuani. Sikutaka kumwamsha yeyote. Nikapita mlango wetu, nikaendelea kusukuma.