Kisra ya Mama na Wema Wasio na Sura

Mama yangu anaoka kisra huko Koboko, ile mikate myembamba ya mtama inayoliwa kwa mchuzi. Kwa Waislamu wa mjini, harusi haipangwi mpaka yeye aitwe, na heshima yake yote iko kwenye kikaango hicho. Basi mwaka jana, kesho yake baada ya harusi moja, mheshimiwa fulani akaweka picha kwenye ukurasa wa mji, ule unaomruhusu mtu kuandika bila jina. Kipande cha kisra kwenye sinia, na maneno: "Huyu bibi kazeeka, apumzike. Hiki ni chakula au turubai?"

Mimi nakaa Arua, nauza vipuri vya pikipiki. Nilipoiona nilikasirika hadi nikampa mteja plagi badala ya cheni. Na wataalamu walikuwa wameshajaa! Mmoja, ambaye mahali pa sura ameweka picha ya ua la waridi, alifundisha unga unavyochachushwa. Huyo naapa hata maji yanamuungulia sufuriani. Mwingine wa Kuluba alikuwa anaumwa tumbo tangu harusini, maskini, ingawa mwenyewe alikiri hakualikwa.

Jumamosi nikaenda Koboko. Kikaango kilikuwa kimegeuzwa kifudifudi nyuma ya nyumba, hakuna aliyemwita tena. Mama hajui kusoma. "Soma yote," akaniambia, "usiruke."

Nikasoma matusi yote. Kisha akaitaka picha, akaisogeza machoni, akacheka. Pembeni ya sinia kulikuwa na kawa nyekundu. Kwetu, chakula cha mashangazi wa bwana harusi hufunikwa kawa bora kuliko zote, na hiyo alikuwa ameisuka yeye mwenyewe.

"Hii sinia ya shangazi ya bwana," akasema. "Na mwenye simu ya picha kati yao iko moja tu. Ona, turubai wamekula, imebaki hii kidogo."

Jamani, nikataka kwenda kwa huyo shangazi saa ileile. Mama akanikalisha. Nikaona basi nimpoze roho kwa maneno ya watu wema, maana nao walikuwepo. Mmoja aliandika: "Nilipovuka mpaka nikikimbia vita, mama huyu alinilisha, hakuniuliza kabila. Mungu ampe afya." Chini yake mioyo myekundu kibao. Mimi machozi yalinilengalenga.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Hakuweka jina."

Akafikiri. "Huyu mbaya, mimi najua kwa nini iko najificha. Lakini huyu mzuri, yeye naogopa nani?"

Watu wote hao wenye mioyo, na uani hapakuwa hata na mmoja wa kuja kusalimia tu.

Alasiri tukasikia hodi. Nani? Shangazi mwenyewe, kajitanda vizuri, simu mkononi. "Dada yangu, watu wa mtandao hawana haya kabisa! Usiwajali. Ijumaa nina dua ya marehemu mume wangu. Nani mwingine ataniokea?"

Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia: "Nenda uoshe kikaango."

"Mama! Si ndiye huyu?"

"Najua," akaninong'oneza. "Lakini yeye amekuja."