Moto wa Mhunzi Aliyelala

Walimwita Mizani kwa sababu ya kazi yake, na kadiri miaka ilivyopita jina likamkaa kwa sababu ya tabia yake pia. Alitengeneza mizani za bucha, za maghala ya nafaka, na zile za zahanati zinazopima watoto wachanga. Mwenye bucha mmoja aliwahi kumnong'oneza aiache mizani yake ivute kidogo upande wa muuzaji. Alirudishiwa mizani yake vilevile ilivyokuja, na tangu siku hiyo hakupokelewa tena. Laiti wenye bucha wote wangekutana na fundi wa namna hiyo. Lakini mtu anaweza kuwa mwadilifu kwa vyuma miaka nenda rudi, akasahau kwamba watu hawafungwi kwa skrubu.

Kila Jumapili mchana alifunga mlango wa karakana, akasukuma kando spana na mawe ya kupimia, akatandaza ramani mezani. Waliokuja walikuwa watatu: mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa dobi; mke wa huyo Dobi, aliyekuwa mshonaji wa sare za shule; na Kinyozi wa kibanda cha mkabala, ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mkasi wake. Walicheza mchezo wa hadithi. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni, Mizani akasimulia nchi wanamotembea na hatari zinazowangoja, na penye shaka dadu likarushwa. Penye ubishi kilifunguliwa kitabu kinene cha kanuni, na neno la mwisho likawa la Mizani, kwa kuwa ndiye mwamuzi. Majirani waliuona utoto. Waseme watakavyo, ukitaka kumjua mtu mzima, mtazame anapocheza.

Kila mtu wa hadithi alikuwa na kisanamu chake cha mti pale mezani. Dobi alikuwa mhunzi, Kinyozi alikuwa mwizi wa farasi, Mshonaji alikuwa mganga.

Meza ile ilikuwa na kanuni moja isiyokuwa kitabuni. Zamani Kinyozi alikosa kuja siku moja, wenzake wakamtuma mwizi wake aonje maji ya kisima chenye sumu, kwa kicheko tu. Aliporudi alimkuta amekufa. Wote walicheka isipokuwa Mshonaji.

"Hii si haki," alisema. "Mtu hayupo, hana wa kumtetea, nyinyi mnamfanya panya wa majaribio. Shemeji, weka sheria. Asiyekuwepo, mtu wake amelala. Asiguswe."

Mizani aliipenda sheria ile. Mwizi alifufuliwa, na tangu hapo, mchezaji asipofika, kisanamu chake kililazwa ubavu na hakuna aliyekigusa mpaka mwenyewe arudi.

Mwaka ambao Mshonaji alianza kuumwa figo, mganga wake naye alipatwa. Alisimama mbele ya nyoka mwenye macho ya kugandisha ili wenzake wakimbie, akageuka jiwe. Mizani alikipaka kisanamu chake rangi ya kijivu. Mshonaji aliendelea kuja, akikaa na sindano yake akipiga malinda ya sketi, akiwasikiliza wengine wakicheza.

"Unakaaje hapa bure?" Kinyozi alimtania. "Jiwe halina zamu."

"Jiwe lina masikio. Nawasikia mnavyonisahau."

"Hakuna aliyekusahau," alisema mumewe.

Na kweli. Kitabuni, katika sura ya kutengeneza vifaa vya uchawi, palikuwa na pete iwezayo kumrudishia uhai aliyegeuzwa jiwe. Masharti yalikuwa matatu. Chuma kiwe kimeanguka kutoka angani. Mtengenezaji atupe motoni kitu anachokipenda. Na mtengenezaji asiuache moto mpaka pete ipoe. Mhunzi wa Dobi alipanda mlima akakipata chuma. Akatupa motoni sauti yake ya kuimbia, ambayo Dobi alikuwa ameilea kwa mwaka mzima wa mchezo, akabaki bubu. Ikabaki pete kupoa tu, jambo la Jumapili moja.

Nyumbani Mshonaji alikuwa amevimba miguu na pumzi imekuwa fupi. Hakuzungumzia ugonjwa sana. Alizungumzia pete. "Nikisimama tena pale mezani," alimwambia mumewe, "hata mara moja, nitaridhika. Sitaki kuondoka nikiwa jiwe." Dobi aliliona hilo ni deni kubwa kuliko dawa, maana dawa zilikuwa zimekwisha kushindwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya pete kupoa, alizidiwa wakampeleka hospitali. Dobi alimpigia simu Kinyozi akiwa kwenye benchi la wodi: "Kesho siji. Mwambie kaka, mhunzi wangu abaki motoni. Asifanye lolote, akae tu."

Kesho yake Kinyozi alifikisha ujumbe. Mizani alisikiliza, akanyoosha mkono, akakilaza kisanamu cha mhunzi ubavu.

Jumapili iliyofuata Dobi alikuja mbio, shati lina mikunjo, jambo la ajabu kwa dobi. "Tumalizie pete, kaka. Nirudi wodini nikamwambie."

"Pete imeharibika," alisema Mizani. "Moto ulizimika."

"Ulizimikaje?"

"Hukuwepo. Asiyekuwepo amelala. Aliyelala hawezi kuchunga moto. Kitabu kinasema mtengenezaji asiuache moto."

Kinyozi aliweka kikombe chini. "Ngoja, Mizani. Mtengenezaji ni nani? Ni mhunzi. Mhunzi alikuwa pale pale motoni. Aliyekuwa hospitali ni huyu."

"Mhunzi hana akili nyingine isipokuwa ya huyu."

"Sawa, alilala. Kwani kitabu kimesema asilale? Kimesema asiuache. Mimi mke wangu analala kando ya jiko kila siku na maharage yanaiva."

"Yanaungua," alisema Mizani.

"Yanaungua, lakini jiko hajaliacha."

Hapakuwa na aliyecheka. Dobi alisema polepole, "Kaka, sheria ile iliwekwa ili asiyekuwepo asidhulumiwe."

"Iliwekwa. Na nikiipindisha leo kwa sababu wewe ni mdogo wangu, kesho nitaipindisha kwa nani? Tafuta chuma kingine, uanze upya."

"Hana muda wa mimi kuanza upya."

Mizani alifunga kitabu. Alidhani ameonyesha kwamba hapendelei damu yake. Hakujiuliza kama mwenye shida angekuwa mgeni angemsomea kanuni vingine, na naamini angemsomea vingine. Maana wako watu ambao, kwa kuogopa kuitwa wapendeleaji, huwaonea walio wao na kuita uonevu huo haki.

Dobi alirudi wodini. Mkewe aligeuza kichwa kwenye mto. "Vipi?"

"Imepoa," alisema Dobi. "Umesimama. Kinyozi amepiga makofi."

Uongo ni uongo, sitautetea. Nasema tu kwamba siku tatu zilizofuata Mshonaji alikula uji, akaomba kitana, na akamsimulia muuguzi habari za mganga aliyerudi kutoka kwenye jiwe.

Siku ya nne Mizani alikwenda kumjulia hali, na machungwa kwenye mfuko. Dobi alikuwa upande wa pili wa kitanda.

"Asante, shemeji," alisema Mshonaji. "Nimeambiwa nimesimama."

"Nani kakuambia?"

Dobi alimtazama kaka yake. Kwa mwenye macho, mtazamo ule ulikuwa ombi, na halikuwa ombi gumu. Mizani alihitaji kunyamaza tu.

"Si kweli, shemeji," alisema. "Pete haikukamilika. Mumeo hakuwepo, mhunzi akahesabiwa amelala. Sheria ni yako mwenyewe."

Mshonaji alichezea ukingo wa shuka kana kwamba anatafuta pindo lililofumuka. "Kweli," alisema. "Niliiweka mimi." Akamgeukia mumewe. "Usigombane na kaka yako. Menya chungwa."

Dobi alimenya. Mkewe hakulila. Jumapili haikumkuta hai.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, hivyo tumefundishwa, na ndivyo ilivyo. Lakini ukweli ule haukuulizwa na anayeuhitaji, wala haukumwokoa yeyote. Mizani aliusema ili yeye abaki safi.

Mazikoni Dobi alimpa kaka yake mkono kama alivyowapa majirani. Hakuja tena karakana. Kinyozi naye alianza kufungua kibanda Jumapili. "Wateja wamekuwa wengi," alisema, akifagia sakafu isiyokuwa na unywele.

Mizani aliendelea kutandaza ramani. Alilaza kisanamu cha mhunzi na cha mwizi, akakaa na kitabu. Aliisoma sura ile mara nyingi, na ikamjia taratibu alichokisema Kinyozi siku ile ile: kulala si kuuacha moto. Jambo lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi tangu mwanzo, kwa mtu anayetaka kuliona.

Asubuhi moja alikwenda kwa mdogo wake. Dobi alikuwa anapiga pasi shuka, mvuke umemfunika uso.

"Nimesoma upya," alisema Mizani. "Nilikosea. Mhunzi hakuuacha moto. Pete ni halali."

Aliweka juu ya meza ya pasi kisanamu cha mganga. Alikuwa amekikwangua rangi ya kijivu, mti umeonekana tena.

Dobi hakuacha kazi. Pasi ilifika kwenye kisanamu, akakiinua, akapitisha pasi pale kilipokuwa, kisha akakilaza ubavu kwenye rafu, kati ya nguo za wateja.

"Mwenyewe hayupo, kaka," alisema. "Sheria unaijua. Asiguswe."

Akakunja shuka, akavuta jingine.