Ndoto Niliyoitunga

Weye unayesoma hapa, ulishawahi kutunga ndoto? Sisemi kuota. Nasema kutunga, ukiwa macho, mbele ya watu wazima wanaokungoja.

Mimi nilitunga moja, nilipokuwa mtoto wa miaka kenda, kwetu mtaa wa Bigo. Mdogo wangu Baraka alishikwa na homa isiyotaka kushuka. Baba alikuwa safarini Aru. Mama alimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya mara mbili. Dawa zikaisha, homa ikabaki. Ndipo wamama wa chumba cha maombi cha mtaa walipoanza kuja nyumbani.

Nisiwaonee. Ndio waliotuchotea maji, ndio waliotusongea fufu wiki nzima. Majirani waliokuwa hawasalimiani walishikana mikono juu ya kitanda cha mdogo wangu. Bila wao mama angeanguka. Lakini walikuwa na desturi moja: kila asubuhi kabla ya maombi, watoto wa nyumba walisimulia ndoto zao, kwa sababu ndoto ya mtoto, walisema, haina uongo. Na kila mtoto wa mtaa alijua ndoto mbaya ni ipi. Mtu akikupa nyama usingizini, huyo ni mulozi, mchawi anayekula watu.

Tulikuwa watoto wawili wa kuulizwa: mimi na Furaha, binti wa shangazi yangu aliyefariki Mongbwalu. Alikuwa na miaka kumi na moja. Tulilala mkeka mmoja.

Asubuhi ya siku ya nne Furaha akasema ameota anamsuka mama yake nywele. Mama Rebeka, kiongozi wao, akanigeukia.

"Na weye?"

"Sikuota."

"Mutoto asiyeota iko anaficha kitu."

Ningeota nini? Usiku kucha nilikuwa nimeshika tochi, mama akimpangusa Baraka kwa kitambaa cha maji. Lakini niliona macho yakinijia, jozi kwa jozi, na nikaelewa kwamba chumba kile hakitatoka mikono mitupu.

"Furaha alinipatia nyama," nikasema.

Furaha alicheka. Alidhani ni mchezo wetu. "Weye na uongo yako," akaniambia. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akamtazama mama. Mama alikuwa anamtazama Baraka.

Walimfungia kwenye chumba cha maombi siku tatu, bila chakula, bila maji, ili aungame. Njia yangu ya shule ilipita chini ya dirisha lile. Siku ya pili alinijua kwa mwendo wa sandali zangu.

"Yaya, niletee maji. Sitasema ni weye."

Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kwake, na aliniita yaya, kama mtu anavyomwita mkubwa wake. Nilikuwa na chupa ya maji katika mfuko wa shule. Nikaongeza mwendo.

Siku ya tatu homa ikashuka. Jioni ya kabla yake baba alikuwa amerudi na sindano, na muuguzi akamchoma Baraka mara mbili. Sindano hakuna aliyeitolea ushuhuda. Furaha akapandishwa lori la Mongbwalu, kwa mjomba asiyemjua, akaoshe mchanga wa dhahabu. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. Hakuniangalia.

Baadaye nikaenda chuo kikuu kusoma sosiolojia. Tukafundishwa kwamba dini inawaunganisha watu, inayapa mateso maana, inaituliza jamii inapotikisika. Yote ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Katika mtihani niliandika kurasa nne safi na nikasifiwa. Hakuna swali lililouliza jamii ile inaunganishwa juu ya mgongo wa nani. Kama lingekuwapo, nadhani ningeliruka. Ni rahisi kuwacheka wamama wa maombi. Nimefanya hivyo miaka mingi, kwa Kifaransa kizuri, ili nisifike kwenye ile chupa ya maji.

Wiki iliyopita simu ililia kutoka Mongbwalu. Furaha amekufa. Shimo la dhahabu lilimwangukia yeye na wenzake wawili. Nikaenda Bigo, nikamkuta mama ameketi uani na ungo, anachambua maharage ya matanga. Kila mwaka amekuwa akisimama kanisani kushuhudia jinsi Baraka alivyopona, na mimi nikikaa kwenye benchi, nikisema amina pamoja na wengine. Mtu wa kumwomba msamaha alikuwa hayupo tena. Nikasema hata hivyo.

"Mama, ile ndoto niliitunga."

Vidole vyake havikusimama. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Usiku ile weye haukulala hata kidogo. Ni weye ulinishikia tochi." Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitazama, akakiweka pembeni. "Walikuwa wanatafuta mutoto moja katika nyumba yangu, yeye ao weye. Nilikuwa na neno ya kusema, nikafunga mudomo. Weye ulisema tu, mwanangu. Furaha, ni mimi nilimutoa."