Chupa Niliyoitia Mawese

Nianze na ujinga wangu, maana nisipousema mimi jirani yangu atausema, na yeye anasimulia vizuri kuliko mimi. Nilichukua chupa ya dawa ya maumivu ya dada yangu, dawa ilipokwisha, nikailoweka kwenye maji ya moto, nikaikwangua karatasi yake kwa ukucha mpaka ikatoka yote. Kisha nikaiosha, nikaijaza mawese, nikampelekea jirani.

Kwa mtu wa Kigoma hapo bado sijakosea. Chupa ya plastiki ngumu, yenye mfuniko unaobana usiovujisha, huku kwetu haitupwi. Mawese hayachagui, yatakaa kwenye chupa ya maji, ya soda, ya dawa ya kikohozi, mradi mfuniko ushike. Jirani naye asubuhi ile alikuwa ameniletea bakuli la migebuka, samaki wa ziwa letu, na mimi sikuwa na uso wa kumrudishia bakuli lake tupu. Kwa hiyo nilijiona mtu mwungwana kabisa, nimetoka na bakuli mkono huu na chupa mkono ule, hatua zangu zile za mtu ambaye safari yake ndefu kwa wiki nzima ni kuvuka uchochoro.

Kosa ni kwamba ile chupa ilitakiwa kurudi hospitali. Muuguzi aliniambia siku ya kwanza. Nami niliitikia kwa kichwa, kama ninavyoitikia watu wote wanaonisemesha nikiwa nje ya nyumba yangu, huku moyoni nawaza nitafika saa ngapi nyumbani.

Mimi ni mtu wa ndani. Nashona sare za shule sebuleni, hapa Ujiji, na wateja wanakuja wenyewe. Dada yangu ndiye aliyekuwa mtu wa nje. Alikuwa akinunua dagaa Mwamgongo na kuwaleta mjini kwa boti, miaka nenda rudi, mpaka alipoanza kuumwa. Saratani ilianza kwenye titi, ikaja kuingia mifupani. Akahamia kwangu, chumba cha nyuma, na tangu hapo kazi yake ikawa kulala na kunicheka.

"Mdogo wangu," aliniambia siku moja, "mimi naumwa ndiyo maana sitoki. Wewe umefungwa na nani?"

Dawa inayomtuliza ni mofini ya maji, chungu kama shubiri. Duka la dawa la kawaida halina. Wanaichanganya hospitali wenyewe, wanaipima kwenye chupa, wanabandika karatasi yenye jina la mgonjwa na kiasi cha kunywa. Ukirudi kuchukua nyingine, unarudisha chupa zote ulizopewa, kama zina dawa ama hazina, ili waone imekwenda wapi. Dawa yenyewe inaweza kumwangusha mtu mzima akiichezea, na wapo watu wanaoitafuta kwa starehe zao. Sheria hiyo naielewa. Siku ile tu ndiyo niliiona ina macho makali.

Na kwa nini niliikwangua karatasi? Kwa sababu nilisikia maneno kisimani na kibarazani. Wanasema hiyo ni dawa ya mateja. Wengine wanasema mgonjwa akianzishiwa hiyo, ndugu waanze kununua sanda. Sikutaka jirani aione imeandikwa jina la dada yangu. Nikaona nimefanya akili sana.

Mara hiyo ya kwanza tulikuwa tumepewa chupa mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo iliyokwenda na mawese. Ya pili ilipobaki dawa ya kunywa mara moja tu, niliiacha kando ya kitanda chake, nikavaa shati la kutokea, nikapanda bajaji kwenda mjini. Mkononi nilibeba chupa ya maji ya kunywa, safi, nimeisuuza mara nyingi. Nilifikiri wanataka chombo tu.

Mfamasia wa dirishani alikuwa mama mmoja mpole, sauti ya chini, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo baba. Chupa zetu ziko wapi?"

"Marahaba. Nimekuja na hii."

Akaiangalia. "Hii ni ya maji ya kunywa, baba."

"Ni safi."

"Naona ni safi. Zile mbili tulizokupa?"

Nikamweleza kuwa moja ina dawa kidogo, ipo nyumbani. Ya pili nikasema imepotea. Ungeniona ninavyodanganya ungenihurumia. Hata fundi wa cherehani mwanafunzi anashona mstari ulionyooka kuliko maneno yangu.

"Chupa ya mofini imepotea," alisema taratibu, kama mtu anayejisomea. "Baba, hiyo siwezi kuiandika hivyo. Na daktari anayesaini hizi leo yuko Kasulu. Kazilete zote mbili, nimpigie simu tuone. Au umlete mgonjwa mwenyewe."

Kumleta mgonjwa ndiyo maneno gani. Dada yangu kugeuka tu kitandani tulikuwa tunafanya kwa mashauriano.

Hapo ningerudi nyumbani moja kwa moja nikamwomba jirani ile chupa, mambo yangekwisha. Lakini kumwomba jirani maana yake ni kumweleza. Nikaona heri nizunguke maduka ya dawa ya Mwanga, palepale mjini, mimi nisiyejua hata duka la nyuzi limehamia wapi. Duka la kwanza kijana alinipa vidonge vya kawaida vya maumivu, vile vile ambavyo dada yangu anavimeza kama karanga na havimfanyi lolote. Duka la pili waliniambia, "Hiyo hatuna, na hata tungekuwa nayo tusingekuuzia." Duka la tatu muuzaji alitoka nyuma ya kaunta, akaniangalia macho, akaniangalia mikono, kisha akanivuta pembeni kwa heshima zote.

"Mzee wangu," akanong'ona, "umeanza kutumia lini?"

Nikamwambia mimi hata chai ya rangi nzito inaninyima usingizi. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Wote wanaanza kwa kukataa," akasema.

Nikarudi Ujiji jua limeanza kulegea. Dada yangu alikuwa ameegemea mito, amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Nilijua kwa midomo. Akiwa na maumivu midomo yake inabana kama ya fundi aliyebana pini mdomoni.

"Umeleta nini kutoka mjini?" akauliza bila kufumbua macho.

"Chupa ya maji."

"Ya kunywa?"

"Tupu."

Akacheka, halafu maumivu yakamkata, akashika ukingo wa kitanda mpaka yakapita. Nikaichukua chupa ya dawa kando yake, nikaona kiasi kile cha asubuhi hakijapungua. Ilikuwa imepita saa ya kunywa mara mbili.

"Hukunywa?"

"Niliwaza utakosa," alisema. "Nakujua. Nikaibakiza ya usiku."

Hapo ndipo nilipoiona aibu yangu ilivyokuwa ghali, na aliyekuwa akiilipia alikuwa yeye. Nikampa ile iliyobaki anywe saa ile ile. Alikataa, nikamwambia nisiporudi na nyingine leo nitaanza mimi kuuza dagaa. Akanywa. Nikaichukua chupa ile tupu, nikavuka uchochoro.

Jirani yangu ni mama wa makamo, wazee wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na mdomo wake hauna breki. Nilimkuta jikoni, sufuria ya maharage mekoni. Chupa yangu ilikuwa kwenye rafu kati ya chumvi na majani ya chai, mawese yamefika nusu, mekundu yamependeza.

"Jirani, naomba ile chupa."

"Mawese uliyonipa mwenyewe, leo unayadai?"

"Mawese baki nayo. Nataka chupa."

Akanitazama kuanzia shati mpaka viatu. "Umevaa viatu. Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Weye uvae viatu siku ya kazi, utoke jasho hivyo, kwa chupa?"

Nikajaribu kusema chupa ni ya mtu, aliniazima tu. Akaviangalia viatu vyangu tena. Nikamwambia yote: mofini, karatasi niliyoikwangua, dirisha la hospitali, daktari wa Kasulu, yule muuzaji aliyeniona teja. Nilipofika hapo kwenye teja alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. Akamimina mawese kwenye bakuli, lile lile la migebuka, akaisuuza chupa kwa maji ya moto na sabuni, akaishusha sufuria ya maharage na kujitanda khanga.

"Twende," akasema. "Ukienda peke yako utarudi na chupa ya soda."

Mfamasia alikuwa anakaribia kufunga. Tukaweka chupa mbili dirishani, moja na karatasi yake, nyingine uchi. Ile ya uchi akaifungua, akainusa.

"Mawese," akasema.

"Mazuri," jirani akamjibu. "Tumeyalia maharage."

Mfamasia hakucheka, ingawa miwani ilitikisika kidogo. Akauliza mgonjwa anaishi na nani, nani anampa dawa, anakunywa vipi, analala vipi. Mimi nilijibu mawili ya kwanza. Mengine yalijibiwa na jirani, ambaye kumbe huzungumza na dada dirishani mimi nikishona, naye alijua kila kitu: kwamba mchana hupata nafuu kidogo, kwamba mkojo umeanza kuwa wa shida, kwamba jana choo kilikuwa kigumu. Nilisimama pale kama mpita njia aliyeulizwa habari za nyumba ya watu. Mfamasia akainua simu, akaongea na daktari, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoiweka chini alisema daktari amekubali nipewe kidogo, ya kufikia siku muuguzi wa wagonjwa wa nyumbani atakapokuja kumwona dada mwenyewe na kuangalia chupa inakaa wapi. Ya kutosha mwezi nisitegemee mpaka hapo.

"Na karatasi hii, baba," akasema akiibandika kwenye chupa mpya, akaikandamiza kwa kidole gumba, "usiiguse."

Muuguzi amekuwa akija tangu siku hiyo, na dawa tunapata, ingawa zipo siku wanasema unga wa kuchanganyia haujafika na mimi navaa viatu tena. Lakini nisitoke nje ya jioni ile. Tulifika nyumbani, nikampimia dada yangu, akanywa na kukunja uso, akamtania jirani kuwa ana harufu ya maharage mabichi. Kisha maneno yakapungua. Midomo ikalegea, mkono ukauachia ukingo wa kitanda, akalala. Tukatoka kwenda kukaa sebuleni kwangu, kati ya marundo ya sare. Nikamwomba jirani, kwa sauti ya chini, kwamba habari hii ya mofini ibaki kati yetu, watu wasije wakajua.

Akanitazama kama anavyomtazama muuza nyanya aliyepandisha bei.

"Ukuta wetu ni mmoja," akasema. "Dada yako akiugulia tunamsikia mtaa mzima, akinyamaza tunajua amepata dawa. Sasa ile karatasi ulikuwa unamficha nani?"