Laptopu Iliyokunywa Togwa

Nitasema mara moja, mcheke, tuyamalize: mimi ndiye yule mwalimu wa Kilosa aliyempiga mgeni rasmi mbele ya wazazi wote.

Miaka ile shule yetu ilikuwa na laptopu moja tu, nikapewa niende nayo nyumbani nipange picha za mahafali, nikaweka kikombe cha togwa pembeni (togwa ya Chanzuru, uji wa kimea mtamu ajabu), nikanyoosha mkono kufukuza kuku, kikombe kikalala juu ya vitufe. Nikazima, nikatoa betri, nikaipindua, ikatiririka.

Mume wangu akasema, "Mama Neema, ipeleke kwa fundi."

"Fundi akifungua tu anataka hela. Acha niipime mwenyewe kwanza, nijue ugonjwa."

Basi nikapima! Nikafuta kwa kanga, nikaianika kifudifudi siku mbili, tena sakafuni jikoni (akili yangu ndipo ilipoishia), kisha nikarudisha betri, nikabonyeza, ikawaka, herufi zote zikaandika isipokuwa M iliyokuwa inanata kidogo, nikatangaza mgonjwa kapona.

Siku ya mahafali ikawekwa meza kuu, mbele ya mgeni rasmi, mzee mstaafu wa reli, suti imenyooka. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, projekta ikaanza kurusha picha ukutani. Laptopu ilipopata joto nikaona kitu cheusi juu ya M. Kikatembea. Kikafuatwa na ukoo wake wote.

"Mwalimu," mzee akaninong'oneza, "mashine yako ina wapangaji."

Kabla sijajibu, sisimizi walishahamia kwenye mkono wa koti lake, mzee akasimama, akatikisa mabega, kina mama wakadhani anacheza, vigelegele, kwaya ikapandisha wimbo, nami kwa kuchanganyikiwa nikaanza kumpiga mgongoni kwa viganja vyote viwili, "Samahani baba, shikamoo, samahani!" Laptopu nayo ikazima, mpaka leo.

Kesho yake fundi akaniuliza, "Kilimwagika nini?"

"Maji."

Akafungua, akachungulia, akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi walioibia mtihani. "Mwalimu, kitu cha sukari kinaoshwa siku ile ile. Sasa bodi imeshaliwa."

Nimekoma. Ugonjwa wa mwili wako unaweza kumficha daktari, ukafa nao mwenyewe. Lakini mali ya shule, ndugu zangu, yaliyoipata yataje yote mlangoni kwa fundi kabla hata hujakaribishwa kiti.